Kilo Nane, Ukurasa wa Kumi na Nne

Nilifika Kampala nikiwa juu ya magunia ya viazi. Lori lilitoka Bunagana, mpakani na Kongo, na dereva alituahidi siku moja na nusu, tulitumia nne. Karibu na Kabale springi ilikatika. Mbarara dereva aligombana na utingo wake akamwacha stendi. Lukaya tulisimama tangu asubuhi hadi alasiri kwa sababu dereva alikuwa na mke pale, habari ambayo sisi abiria hatukuwa tumeambiwa tulipokuwa tunapanda.

Miaka tisa kabla ya hapo nilikuwa nimeondoka Bombo, kwetu sisi Wanubi, na cheti cha sekondari na begi moja. Niliuza mbao Eldoret. Mombasa nilikaa kwenye duka la intaneti mtaa wa Kibokoni nikiwafungulia mabaharia barua pepe za wake zao. Nikaenda Mwanza. Nikavuka hadi Goma kwa sababu mtu aliniambia kuna kazi ya kompyuta huko. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya kubeba kompyuta. Kwa hiyo niliposhuka kwenye lile lori sikuwa na mpango wa kukaa. Nilitaka kulala kwa binamu yangu mtaa wa Kisugu mwezi mmoja, ninyoshe mgongo, halafu nielekee Juba.

Akello na Ssali, nawaandikia nyinyi kwa sababu ndio mliobaki na kazi hii. Vyeo na mishahara naviruka. Mnavijua, na havina utamu wa kusimulia. Nitaandika jinsi kazi ilivyoingia mikononi mwangu, na lile jambo la kilo nane ambalo mmelisikia vipande vipande, kila mtu na toleo lake.

Siku ya tatu Kisugu nilichoka kukaa. Nilitembea kwa miguu hadi Kamwokya nikaona, juu ya duka la magodoro, kibao kilichoandikwa kwamba hapo wanageuza masomo yawe kurasa za mtandao. Nilipanda ngazi kuuliza tu wana maana gani. Ndani mlikuwa na kompyuta tatu, feni moja, na mama mmoja mnene aliyeshika rula ya mbao na kuitazama skrini kama hakimu anayemtazama mwizi wa kuku.

"Ssebo, bwana, unajua kompyuta?" akaniuliza, kabla sijasalimu.

"Kidogo."

"Kidogo ya kuiwasha ama kidogo ya kuitengeneza?"

Huyo alikuwa Nalongo. Jina hilo Waganda humpa mama aliyezaa mapacha, na sikuwahi kusikia mtu akimwita jina jingine. Kiswahili alikipata kambini, maana baba yake alikuwa polisi. Kabla ya kompyuta alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha uchapaji, akisahihisha makosa katika vitabu kabla havijachapwa.

Tatizo lake siku hiyo lilikuwa hili. Daktari mmoja alikuwa ametengeneza somo la surua kwa slaidi, zile picha za kuonyesha ukutani katika semina. Kwenye slaidi kulikuwa na maneno ya kubonyeza: bonyeza hapa uone dalili, bonyeza hapa uone chanjo. Kila neno la namna hiyo ni kiungo, au linki kama tunavyosema, na linki inatakiwa kukupeleka mahali. Kwenye laptopu ya daktari zote zilifanya kazi. Zilipogeuzwa kuwa kurasa za mtandao, hakuna hata moja iliyofunguka.

Nilitazama nikacheka. Linki zilikuwa zimeandikwa njia ya kwenda ndani ya laptopu ya daktari mwenyewe: diski yake, folda zake, jina lake. Ni sawa na kumwelekeza mgeni nyumbani kwako kwa kumwambia apite chumbani kwako kwanza. Na ile ya dalili za surua, nilipoisoma vizuri, ilikuwa inaelekea kwenye picha za harusi ya shemeji yake.

"Basi wacha wauguzi waione harusi," nikasema.

Nalongo hakucheka. "Zirekebishe," akasema. "Ukimaliza tutaitikiana."

Sikujua maana ya kuitikiana. Nilimaliza kabla ya saa sita, nikijiona bingwa. Akavuta kiti, akafungua somo la daktari lenyewe kwenye kompyuta yake, mimi nikafungua kurasa mpya kwenye yangu. Akawa anaweka rula chini ya kila linki na kusoma kwa sauti inakotakiwa kwenda. Mimi nabonyeza, nasoma kwa sauti kichwa cha ukurasa niliofika.

"Dalili za surua."

"Dalili za surua."

"Chanjo ya kwanza."

"Chanjo ya kwanza."

"Mtoto mwenye utapiamlo."

"Marejeo."

Rula ikagonga meza. Linki moja kati ya sitini na kitu, na mimi nilikuwa tayari kuapa kwamba zote ziko sawa.

Hivyo ndivyo walivyofanya kule uchapaji, alinieleza: mmoja anashika maandishi ya mwandishi, mwingine anashika karatasi iliyotoka mashineni, wanasomeana. Halafu wote wawili wanatia sahihi daftarini, msomaji na mwitikiaji. Daftari letu lilikuwa la jalada gumu jekundu, na hakuna kazi iliyotoka bila sahihi mbili. Mwezi mmoja wa Kisugu ukapita. Juba nikaiambia kesho, na kesho.

Nitaandika machache ya ufundi kwa sababu nyinyi mmezikuta zana nzuri na hamjui tulikotoka. Adui wa kwanza alikuwa ile njia ya ndani ya laptopu, nimeshaieleza. Adui wa pili alikuwa herufi kubwa na ndogo. Kwenye kompyuta ya ofisini, faili la Picha lenye P kubwa na picha lenye p ndogo ni kitu kimoja. Kwenye seva ya mtandao ni vitu viwili, na kimoja hakipo. Niliwahi kutembea hadi Bugolobi kwa profesa mmoja mstaafu kumwomba asiandike majina ya mafaili kwa herufi kubwa. Alinipa chai, akanisikiliza kwa adabu sana, na faili lililofuata aliliita SOMO LA PILI JIPYA LA MWISHO KABISA. Adui wa tatu ni watu wanaoandika "bonyeza hapa" mara kumi na mbili katika ukurasa mmoja. Hapa wapi?

Miaka ikaenda. Kazi ikawa nyingi, hasa masomo ya wahudumu wa afya, na kuitikiana kukawa kunakula siku nzima. Nikaandika programu ndogo ya kukagua linki. Unaiachia, inapita kwenye kurasa zote, inabonyeza kila linki na kukuletea orodha ya zilizokufa. Niliiandika mwenyewe, kwa kujifunza mwenyewe, na mpaka leo naionea fahari. Kazi ya siku ilifanyika kwa muda wa kunywa chai. Nikamwambia Nalongo kwamba sasa rula inaweza kupumzika.

Aliitazama ikifanya kazi hadi mwisho. "Nzuri," akasema. "Inanionyesha mlango umefunguka. Haijaniambia nimeingia nyumba ya nani."

"Nalongo, ni linki mia nne!"

"Basi lete maji ya kunywa, tutakauka koo."

Tulifanya vyote viwili, mashine na rula. Mimi nilinung'unika miaka miwili mizima.

Sasa kilo nane. Lilikuja somo la kutibu homa ya malaria kwa watoto. Ukurasa mmoja ulikuwa na vitufe sita, kila kitufe na uzito wake: kilo tano, nane, kumi na moja, na kuendelea. Mhudumu anampima mtoto, anabonyeza uzito, anapelekwa ukurasa wenye picha ya vidonge vya uzito ule. Kurasa hizo sita zilikuwa na kichwa kimoja, "Kipimo cha dawa". Uzito wenyewe uliandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa picha. Linki nilizirekebisha kwa mkono wangu, na kurasa nilizipa majina kwa namba zake. Kilo nane ilikuwa ukurasa wa kumi na nne.

Tuliitikiana, ikawa sawa. Kisha daktari mwenye somo akapiga simu: kuna slaidi ya tatu imerudiwa, iondoeni, na kazi itoke leo. Nalongo alikuwa Masaka mazikoni. Niliondoa slaidi ya tatu, nikageuza upya, nikaachia mashine yangu. Ikaleta jibu: linki zilizokufa, sifuri.

Mmeshaona. Mimi sikuona. Ukiondoa ukurasa wa tatu, wa kumi na tano unakuwa wa kumi na nne. Vitufe vyangu viliendelea kwenda kwenye namba zilezile, na kila mtoto akawa anapewa dawa ya mtoto mzito zaidi yake. Hakuna linki iliyokufa. Zote zilifunguka vizuri kabisa.

Nilifungua daftari jekundu. Kwenye nafasi ya msomaji nikatia sahihi yangu. Kwenye nafasi ya mwitikiaji nikaandika neno moja: Mashine. Nilijiona mchekeshaji.

Somo likapanda mtandaoni, na nakala kumi na moja zikaingizwa kwenye fleshi na kutumwa Nile Magharibi, kwenye vituo vya afya vyenye kompyuta ya sola lakini visivyo na intaneti.

Siku ya nane simu ya ofisi ililia. Alikuwa Sista Driciru, muuguzi wa upande wa Yumbe.

"Nani ametengeneza hii kitu ya vidonge?"

"Ni mimi, Sista. Rajabu."

"Rajabu, wewe una watoto?"

"Bado."

"Ndiyo maana. Mimi napima mtoto, kilo nane. Nabonyeza kilo nane. Inanipa dawa ya kaka yake!"

Nilihisi feni imesimama. "Umempa?"

"Nimpe? Mimi niko kwa hii kazi tangu wewe unavaa kaptura. Nimeangalia nikasema hapana, huyu wa Kampala amelala. Lakini sikia, si kila kituo iko na Driciru. Zingine iko na watoto wa juzi, wanaamini kila kitu yenye iko na umeme."

Mtandaoni nilirekebisha kabla soda yangu haijaisha gesi. Lakini fleshi haiwezi kurekebishwa kutoka Kamwokya. Nilipiga simu vituo vyote. Vinne vikapokea, nikawaambia wazime, wasiguse. Saba kimya.

Nalongo alikuwa amerudi siku hiyo. Alisikia yote, akavuta daftari, akaweka rula chini ya mstari, akasoma.

"Huyu Mashine anakaa wapi?" akauliza. "Nataka kuongea na yeye."

Nikaonyesha kompyuta yangu kwa kidole.

"Anaweza kupanda basi kwenda Arua? Hawezi? Basi panda wewe."

Tuliingiza somo sahihi kwenye fleshi kumi na moja mpya, tukaitikiana kila moja, na jioni nikawa kwenye basi. Kutoka Arua nilikodi bodaboda, siku baada ya siku, kituo baada ya kituo. Koboko, Yumbe, Adjumani, barabara za vumbi jekundu ambazo wakati mwingine wowote ningezifurahia, maana mnajua ninavyopenda barabara. Kila kituo nilitoa fleshi mpya, nikachukua ya zamani, nikaomba daftari la wagonjwa, nikasoma na muuguzi mstari kwa mstari: huyu kilo ngapi, alipewa nini. Wengi walikuwa wakitibu kwa chati ya ukutani, chati ya karatasi iliyofifia kwa jua, na hawakuifungua fleshi yangu hata mara moja. Sijawahi kufurahi namna ile kwa sababu kazi yangu imepuuzwa. Kwa Sista Driciru nilikula kuku. Alinitania mpaka mfupa wa mwisho.

Kumi zikawa mkononi. Ya kumi na moja haikuwepo. Kituo kiliniambia ilichukuliwa na Daktari Drani, ambaye kwa vyeti ni afisa tabibu, lakini huko kila mwenye koti jeupe ni daktari. Alikuwa amehamishiwa siku tatu kabla kwenye kituo kidogo ng'ambo ya mto, upande wa Moyo, na simu yake haikupatikana. Nilivuka kwa kivuko Laropi, nikafika saa tisa alasiri. Nilimkuta kijana mpole akifuta vumbi kwenye kompyuta, na fleshi yetu imechomekwa.

"Umeitumia?" nikasema, salamu ikanipotea.

"Karibu, mzee. Leo ndiyo nimefungua. Nzuri sana, inarahisisha."

"Umetibu mtoto kwa hii?"

"Mmoja tu. Mchana huu."

"Kilo ngapi?"

Akafungua daftari lake. Nilikuwa nimeshasoma mistari mia kadhaa ya namna ile wiki hiyo. "Nane," akasema.

Nikamwonyesha. Nilifungua fleshi ya zamani na mpya, tukabonyeza kitufe kilekile. Drani alizitazama picha mbili za vidonge, moja baada ya nyingine. Hakunitukana. Alisema tu kwa haraka: mtoto alikuwa hajala tangu asubuhi, na dawa ile inatakiwa kumezwa tumbo likiwa na chakula, nyumbani kwao si mbali, alimwambia mama aende akampe uji kwanza, halafu dawa.

"Ameondoka saa ngapi?"

"Saa saba hivi."

Tulipanda bodaboda yangu sisi wawili na dereva, Drani katikati amekumbatia sanduku lake la dawa. Njia ilikuwa ya kokoto na mashamba ya simsim. Mimi nyuma nilikuwa nikihesabu muda wa kuwasha moto, wa kuchota maji, wa uji kuiva, wa uji kupoa. Nilihesabu mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa kwamba tumechelewa.

Mama alikuwa ameketi mbele ya jiko na mtoto mapajani. Bakuli la uji lilikuwa tupu. Drani alimwambia jambo kwa Kimadi, kwa sauti ya chini zaidi kuliko nilivyotegemea. Mama akatutazama sisi wawili, akashika pindo la kanga yake na kufungua fundo. Vidonge vilikuwa ndani, kwenye karatasi, vyote. Alikuwa anasubiri mtoto acheue.

Drani alivihesabu mara mbili. Akachukua, akatoa vya uzito wake, akasaga cha kwanza kwenye kijiko, tukamtazama mtoto akimeza na kukunja uso.

Mama akauliza kitu. "Anauliza amekosa nini," Drani akanitafsiria.

"Mwambie hakukosa. Wewe pia hukukosa. Mwambie aliyekosa ni mimi, nimekuja kutoka Kampala kusema hivyo."

Sijui kama alitafsiri yote. Mama alitazama viatu vyangu vilivyojaa vumbi, akaingia ndani, akaniletea maji ya kunywa.

Niliporudi, Nalongo aliweka fleshi zote kumi na moja mezani, akazihesabu kwa rula, akasikia habari ya mtoto hadi mwisho. Alifuta macho kwa mkono wa gomesi yake, lile gauni refu la Kiganda. Kisha akasema linki za vitufe zibadilishwe. Siku hiyohiyo tulianza kanuni ambazo nyinyi mmezikuta kama vile ziliteremka na mvua: ukurasa hauitwi kwa namba, unaitwa kwa kilichomo, uzito unaandikwa juu kabisa, kwa herufi zinazosomeka ukiwa umesimama mlangoni, na ukigusa kitu, hata kimoja, unaitikia yote upya. Jina la Mashine halikufutwa daftarini. Nililikuta kila nilipotafuta kazi ya zamani, kwa mwandiko wangu mzuri.

Baada ya hapo nilikaa miaka kumi na miwili zaidi, mimi ambaye sikuwahi kumaliza miwili popote kwingine. Niliendelea kuitunza programu yangu ya kukagua, ni nzuri, itumieni. Kila mwaka niliomba ruhusa nikazunguke vituo, nikiwa na fleshi mfukoni na sababu ya kikazi ya kupanda basi. Masomo yetu sasa yako vituoni kutoka Moyo hadi Kisoro, na naweza kusema bila kuona haya kwamba nimebonyeza kila linki iliyo ndani yake, na mtu akaniitikia. Nalongo alistaafu kabla yangu, akaenda Masaka kulima kahawa. Kiti chake akakaa Akello, naye akaomba aachiwe rula.

Mimi nimeondoka kabla ya umri, kama mlivyoniambia kwa hasira. Macho yamechoka na skrini, na barabara ya Juba bado sijaiona.

Siku yangu ya mwisho mkurugenzi alileta keki na soda, akaziweka chumba cha mbele. Nyinyi wawili mlikuwa ndani mmefunga mlango. Toleo jipya la somo la watoto lilikuwa linatoka siku hiyo, na daktari alikuwa amebadilisha slaidi moja asubuhi.

"Akello! Ssali! Njooni, mzee anaondoka!" mkurugenzi akaita.

"Mkubwa, tumebakiza linki themanini," Ssali akajibu kutoka ndani.

"Mtamalizia kesho!"

Mkurugenzi akashika kitasa. Nikamshika mkono.

"Waache," nikamwambia.

Tulikula keki sisi wawili tumesimama. Kupitia mlangoni nilimsikia Akello akisoma, "Kilo nane." Kukawa na kimya kidogo, kimya cha mtu anayesoma kweli kilichoandikwa mbele yake. Ssali akaitikia, "Kilo nane." Nikachukua begi langu nikashuka ngazi kabla hamjafika kilo kumi na moja.